Kuona na Kuonea

Kiswahili kimekitwika kitenzi kimoja mzigo ambao lugha nyingi zimeugawa kwa wachukuzi kadhaa. Mtu huona jahazi likiingia bandarini. Huona baridi alfajiri na njaa adhuhuri. Huona haya mbele ya wakwe, huona fahari kwa mwanawe, na akitakwa shauri barazani huanza kwa kusema "mimi naona". Jicho, mwili, moyo na akili, vyote vimekalishwa mkeka mmoja. Mgeni anayejifunza lugha aghalabu hulihesabu jambo hili kuwa ni uhaba wa msamiati. Yamkini ni kinyume cha hivyo. Wazee walioijenga lugha hii hawakulazimika kuamini kwamba kuna jicho linalopokea mambo kama yalivyo, kisha moyo ukaja baadaye kutia neno lake. Katika maneno yao, kupokea na kutia neno ni tendo moja.

Likitazamwa hivyo, lile swali kongwe la kwa nini wawili walioketi pamoja, wakashuhudia jambo moja, huondoka na mambo mawili, hubadilika sura. Desturi ni kuuliza ni nani katika wawili hao aliyetia chumvi. Lakini huenda hapana aliyepata kuona chochote bila ya chumvi.

Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Misri yapata 1040, alilifikia jambo hili kwa njia ya hesabu na majaribio. Katika Kitab al-Manazir alieleza kwamba mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia jichoni, wala si jicho linalorusha miale yake nje kama walivyodhani wengi kabla yake. Hilo ndilo analosifiwa nalo zaidi. Lenye uzito zaidi kwa swali hili ni jengine: alisema kwamba mengi tunayodai kuyaona, kama vile ukubwa na umbali, hatuyaoni bali tunayahukumu, na hukumu hiyo hupita upesi mno hata mwenye kuhukumu asijue kwamba amehukumu. Mfano wake maarufu ni wa mwezi. Mwezi mpevu unapochomoza baharini huonekana mkubwa kupita kiasi. Ukifika utosini hunywea. Nao haukupungua: kidole cha mwisho cha mkono ulionyooshwa huufunika wote, pale upeoni na pale utosini. Kilichobadilika ni makadirio ya akili kuhusu umbali wake. Hapa pana onyo ambalo ni rahisi kulipita. Kisiwa kizima hukubaliana juu ya ule mwezi mkubwa wa magharibi, na kisiwa kizima huwa kimekosea. Wingi wa mashahidi haukuupa mwezi hata shubiri moja.

Kinyume chake kilitokea Februari 2015, na kilianzia, kwa sadfa, kisiwani vilevile, kwenye harusi ya Colonsay huko Scotland. Picha ya gauni alilolivaa mama wa bibi harusi ilisambaa duniani kwa siku chache, na walioitazama wakagawika kambi mbili zisizosikilizana. Wako walioliona jeupe lenye mistari ya dhahabu; wako walioliona la buluu lenye mistari myeusi. Picha ni ileile na kioo cha simu ni kilekile, mume na mke wakiitazama pamoja, kila mmoja akidhani mwenziwe anafanya mzaha. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na nyeusi. Wataalamu wa macho walieleza kwamba picha ile haikuonyesha wazi ilipigwa katika mwanga wa namna gani, basi kila ubongo ulijikisia mwanga wake kisha ukauondoa. Aliyekisia kivuli cha mchana aliondoa ubuluu, akabakiwa na weupe. Aliyekisia taa ya manjano aliondoa umanjano, akabakiwa na buluu. Mnunuzi mjuzi wa khanga anaijua elimu hii bila ya kuisomea: haamini taa ya duka, hutoka na doti mlangoni aitazame juani. Tatizo la picha ile ni kwamba haikuwa na mlango wa kutokea.

Kwa gauni hapana aliyepoteza kitu isipokuwa usingizi. Washairi wa Pwani wamekuwa wakicheza na khitilafu ya aina hii kwa makusudi, tena kwa mambo mazito zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, aliishi zama za mvutano baina ya Mazrui na Sayyid Said, na sehemu ya utungo wake ni silaha ya mvutano huo. Mtunzi wa namna yake hufunga fumbo akijua kwamba beti moja itaingia katika masikio mawili ikiwa vitu viwili: kwa huyu tumbuizo, kwa yule mshale. Hakuna anayemlaumu msikilizaji kwa kuumia. Inafahamika kwamba aliyeumia ana jeraha lililokuwapo kabla ya shairi.

Lakini neno haliishii kugusa jeraha lililopo. Huweza pia kupanda kitu ambacho hakikuwapo. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Wengine waliulizwa kuhusu magari "yalipopondana", wengine "yalipogongana", wengine "yalipogusana". Waliosikia kupondana walikadiria kiasi cha maili 41 kwa saa. Waliosikia kugusana, kiasi cha maili 32. Katika jaribio jengine waliitwa tena baada ya wiki wakaulizwa kama walikiona kioo kilichovunjika. Filamu haikuwa na kioo kilichovunjika. Hata hivyo, katika 50 walioulizwa kwa neno la kuponda, 16 walikikumbuka. Katika 50 walioulizwa kwa neno la kugonga, walikuwa 7. Hawa hawakusema uongo. Kitenzi kimoja cha muulizaji kiliingia katika kumbukumbu yao, kikavunja kioo, na vipande wakaviona wenyewe.

Msomaji wa visiwani hatahitaji kusukumwa kuelekea kule ambako mazungumzo haya yanakwenda. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 ulikuwa usiku mmoja. Uhuru kutoka kwa Waingereza ulikuwa na umri wa mwezi mmoja na siku mbili. Uchaguzi wa Julai 1963 ulikuwa umewapa Afro-Shirazi kura zaidi ya nusu na viti vichache kuliko wapinzani wao walioungana. Serikali ilipinduliwa, Sultani Jamshid akaondoka kwa njia ya bahari, na katika siku na wiki zilizofuata watu kwa maelfu waliuawa, kwa idadi ambayo haijapata kukubaliwa na pande zote. Wengine walikimbilia Bara, Omani, Dubai, Uingereza. Baadaye mashamba yaligawiwa, eka tatu tatu, kwa watu ambao wazee wao walichuma karafuu za wenyewe kwa malipo ya pishi.

Yupo kijana aliyelelewa na babu aliyepata eka zile tatu, na kwa babu huyo alfajiri ile ndiyo mara ya kwanza aliposimama wima. Yupo mwengine aliyelelewa, pengine Maskati, pengine mtaa wa nyuma Mji Mkongwe, na bibi asiyejua hadi leo mumewe alizikwa wapi. Wa kwanza husema Mapinduzi. Wa pili, akiwa miongoni mwa watu wake, husema mavamizi. Kabla ya kutaja tukio hata moja, kila mmoja amekwisha kuichagua taa atakayolitazamia gauni, na amekwisha kukichagua kitenzi cha kuulizia ajali.

Jawabu jepesi hapa ni kusema kwamba kila mtu na ukweli wake. Jawabu hilo lina sura ya upole, na ndiyo maana hupendwa, lakini ni la mtu anayetaka kuondoka barazani mapema. Gauni lilikuwa na rangi moja. Waliokufa walikuwa na idadi, hata kama hapana aliyewahesabu. Kila kaburi lisilojulikana lipo mahali fulani. Kura za 1963 zilihesabiwa, na viti vikagawiwa kwa namna inayojulikana. Kumwambia bibi yule kwamba kifo cha mumewe ni "mtazamo wake" ni kumuua marehemu mara ya pili, na kumwambia babu yule kwamba unyonge wake wa kabla ya 1964 ulikuwa hadithi ya wanasiasa ni kumrudisha chini ya mkarafuu usio wake.

Kinachohitaji kutengwa ni tukio na lile lililomfika mtu. La kwanza ni mali ya ushahidi wote kwa pamoja, na hapana familia inayolimiliki. La pili ni milki ya aliyefikwa. Bibi ana mamlaka kamili juu ya huzuni yake. Babu ana mamlaka kamili juu ya furaha yake. Huzuni na furaha hizo zinaweza kuwa kweli zote mbili, katika saa ileile, mitaa miwili mbali. Wala hakuna mwenye haki ya kuyatumia yaliyomfika yeye kufuta yaliyomfika mwengine. Furaha si ushahidi kwamba hapakuwa na damu, kama ambavyo damu si ushahidi kwamba hapakuwa na dhuluma kabla yake.

Ugumu halisi hauko kwa babu na bibi. Uko kwa wajukuu. Wengi wa wanaobishana leo kuhusu usiku ule, na wanaobishana kwa sauti ya juu zaidi, walizaliwa baadaye. Hawakuona baridi ya alfajiri ile wala hawakuona hofu yake. Walichopokea ni maneno, na wengine wamekulia katika kitenzi kimoja tu. Kwa hiyo ndio walio katika hatari kubwa ya kukiona kioo ambacho hakikuvunjika, au kutokiona kile kilichovunjika kweli mlangoni pa jirani. Mzee aliyeshuhudia mara nyingi huweza kusema, katikati ya masimulizi, kwamba lakini fulani wa upande ule alituficha chumbani mwake siku tatu. Tanbihi kama hiyo huvuruga hadithi, na hadithi zikipita vizazi viwili tanbihi ndizo za mwanzo kudondoka. Mjukuu hurithi hadithi iliyonyooka kuliko aliyoishi babu yake.

Visiwa hivi vimewahi kuonyesha kwamba watu wanaweza kukaa pamoja bila ya kwanza kukubaliana juu ya taa. Mnamo Novemba 2009 Amani Abeid Karume na Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu ya Zanzibar, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni, theluthi mbili hivi wakiridhia serikali ya umoja wa kitaifa. Hapana upande uliotakiwa kukiri kwamba Januari yake ilikuwa ndoto. Maridhiano yale yalitikiswa vibaya na kufutwa kwa uchaguzi wa Oktoba 2015, yakarejeshwa kwa sura nyengine Desemba 2020. Pengine sababu moja ya udhaifu wake ni kwamba viongozi waliridhiana kuhusu vyeo, na mazungumzo ya majumbani yakaachwa pale pale yalipokuwa.

Lugha ina jambo jengine la kusema hapa. Kutoka katika shina la kuona limetoka neno kuonea, nalo lina njia mbili. Mtu humwonea mwenziwe huruma. Mtu pia humwonea mwenziwe, basi, bila ya nyongeza, na maana yake ni kumdhulumu. Neno la kwanza linahitaji kitu kitajwe; la pili halihitaji. Labda ni sadfa ya sarufi. Lakini anayeshikilia kwamba yeye peke yake ndiye aliyeona, na kwamba mwenziwe alichokiona si kitu, amekwisha kuiingia njia ya pili kabla hajainua mkono.

Waliokuwa na umri wa miaka 20 usiku ule sasa wamepita 80. Kila mwezi wanapungua, wa pande zote, na maziko yao huhudhuriwa na wote. Mjukuu anayetaka kuwauliza afadhali aache nyumbani vitenzi vyake vyote viwili, asiulize habari za mapinduzi wala za mavamizi. Kiswahili kimemwekea swali fupi lisilovunja kioo: uliona nini? Mzee atajibu kwa jicho, au kwa mwili, au kwa moyo, apendavyo. Na akianza na baridi ya alfajiri ile, badala ya siasa, aachwe aendelee.