Duka Lililohamwa: Mwenye Mali na Haki ya Mji

Mtu akiwa na jumba alilolijenga kwa mali yake, akafanya biashara ndani yake miaka kumi au ishirini, kisha akaona faida yake iko upande mwingine akahama, je, haki yake juu ya jumba lile hubaki kama ilivyokuwa siku ya kwanza? Aweza kulitia komeo na kuliacha likae ukiwa? Na lau ataka kuliuza, aweza kumwekea mnunuzi sharti kwamba humo isifanywe tena biashara ile waliyoizoea majirani? Mwenye kujibu kwa haraka atasema: mali ni yake, na mtu hufanya katika mali yake atakavyo. Sisi twaona jawabu hiyo ni fupi mno, na twapenda kuipima kwa mambo yaliyotokea, wala si kwa mifano ya kubuni.

Mambo yenyewe yametokea Marekani, kwani huko maduka makubwa ya mfano wa ghala yameenea kuliko kwingineko. Katika mwaka mmoja tu wa 1962 yalifunguliwa maduka ya kwanza ya Walmart, ya Kmart na ya Target. Umbo lao lajulikana: jumba moja lisilo ghorofa, kuta ndefu zisizo madirisha, dari ya juu, taa za umeme mchana kutwa, na mbele yake uwanja wa kuwekea magari ambao aghalabu ni mkubwa kuliko jumba lenyewe. Mjenzi wake hakukusudia lidumu vizazi; alikusudia lirejeshe gharama zake upesi.

Huenda msomaji akadhani kwamba duka la namna hiyo huachwa tupu kwa kufilisika mwenyewe. Hilo hutokea, Kmart ilipokwenda mahakamani kwa kulemewa na madeni mwaka 2002, ilifunga maduka kwa mamia. Lakini mengi yaliachwa kwa sababu iliyo kinyume cha hiyo. Mwaka 1988 Walmart ilifungua katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, duka la namna mpya lililo kubwa zaidi, lenye kuuza nguo, vyombo na vyakula pamoja. Na tangu hapo mara nyingi kampuni hiyo ilihama duka lake la zamani ikajenga jipya katika mji ule ule, pengine mbali kidogo tu na la kwanza. Mwenye duka akazidi kutajirika, na jumba ndilo lililobaki yatima. Mvua huvuja, majani huota katika nyufa za uwanja, na wenye maduka madogo ya jirani, waliokuwa wakiishi kwa wateja wa duka kubwa, hufunga mmoja baada ya mmoja.

Basi na turudi kwenye kauli ile, kwamba mali ni yake. Ni kweli kwamba kuta ni zake na ardhi ni yake. Lakini nani aliyepanua barabara ili magari yafike? Nani aliyeweka taa za njia panda, akachimba mifereji ya maji, akawalipa polisi wa kulinda? Ni mji, kwa kodi za wenyeji. Na mara nyingi mji haukukomea hapo, bali ulimsamehe kampuni sehemu ya kodi ili aje. Wako pia wenye maduka ya katikati ya mji waliofunga milango kwa kushindwa na bei zake; nao hawakuulizwa. Thamani ya jumba lile, tangu siku ya kwanza, ilikuwa na mkono wa watu wengi ambao majina yao hayamo katika hati. Hatusemi kwamba kwa hilo wamekuwa washirika katika milki. Twasema wamepata haki ya kusikizwa.

Liko jambo jingine, nalo latustaajabisha zaidi, kwa kuwa ni la watu wenye elimu ya sheria waliokaa kitako wakaliandika. Ni lile sharti la katika hati. Baadhi ya kampuni hizi, na hata maduka ya vyakula ya mijini, yanapouza jumba lililohamwa huandika kwamba humo lisifunguliwe duka la vyakula, au duka lolote la kushindana na muuzaji, kwa muda wa miaka mingi. Muuzaji amekwisha ondoka, thamani amekwisha pokea, lakini mkono wake umebaki juu ya kitasa cha mlango. Mwanamke mzee aliyekuwa akinunua unga na maziwa kwa miguu sasa hana budi kutafuta mtu mwenye gari. Na jumba la kuuzia vyakula liko mbele ya dirisha lake, limefungwa.

Sisi watu wa pwani twalijua sharti lenye kudumu baada ya mwenye mali kuondoka. Ndilo sharti la wakfu. Mtu huwakifu duka au shamba, akasema pato lake litengeneze kisima, au liwashe taa za msikiti, au lilishe wanafunzi. Na sharti lake huheshimiwa hata mifupa yake ikiisha kuwa mchanga. Yaangalieni mambo mawili haya yanavyofanana kwa umbo. Katika yote mawili mtu hutia neno lake katika wakati ujao na kuwafunga wasiozaliwa bado. Huyu amewafunga ili wapate kitu, na yule amewafunga ili wakikose. Wala haitoshi kusema kwamba sheria imeyakubali yote mawili.

Hila haikuishia hapo. Kampuni za maduka makubwa zilikwenda mbele ya wakadiriaji wa kodi zikasema: duka letu hili, ambalo li wazi na limejaa wateja, likadirieni kwa bei ya yale yaliyouzwa yakiwa matupu. Na yale matupu yalikuwa rahisi kwa sababu, miongoni mwa nyingine, ya yale masharti yaliyowazuia wanunuzi! Katika jimbo la Michigan duka la Menards la mji wa Escanaba lilishinda kwa hoja ya namna hii katika baraza la kodi, mpaka Mahakama ya Rufani ya jimbo hilo ilipoitengua hukumu hiyo mwaka 2016 na kuirudisha itazamwe upya. Kodi inayopunguzwa kwa njia hii ndiyo inayolipia shule, zimamoto na maktaba.

Sasa tuseme mji umelipata jumba. Ulifanye nini? Julia Christensen, msanii wa Marekani, alisafiri nchini humo akiyatazama majumba haya, na mwaka 2008 akatoa kitabu chake, Big Box Reuse. Humo ameeleza jinsi duka la Kmart la Hastings, Nebraska, lilivyogeuka kuwa mahali pa kusomeshea watoto wadogo, na la Lebanon, Missouri, likawa maktaba, na duka la Walmart la Wisconsin Rapids likawa nyumba ya kukutania wazee. Kila mji ulikuwa na mabishano yake juu ya gharama, na dari, na giza la ndani. Lakini twataka kusimama kwenye majumba mawili tu, yote yaliyokuwa ya Walmart, yote katika bonde la mto Rio Grande, kusini mwa Texas, karibu na mpaka wa Meksiko. Kati ya moja na jingine ni kiasi cha maili 60.

La kwanza liko McAllen. Maktaba ya mji ule ilikuwa imebanwa katika jengo dogo. Mji ukalichukua duka lililohamwa, lenye zaidi ya futi za mraba 120,000, ukalifanya maktaba, ikafunguliwa Desemba 2011. Kuta za katikati na taa za zamani ziliondolewa, ndani pakatiwa rangi moja nyeupe, na humo mkapangwa pahali pa watoto, vyumba vya kusomea, ukumbi wa mikutano na mkahawa. Mwaka 2012 ikapata tuzo ya usanifu wa ndani wa maktaba. Mtu wa McAllen aliyekuwa akienda pale kununua sabuni alirudi akaingia kwa mlango bila kuulizwa jina.

La pili liko Brownsville. Walmart ililiuza mwaka 2016, na mwaka 2017 shirika la Southwest Key, kwa mkataba wa serikali kuu, likalifungua kuwa makazi ya wavulana waliovuka mpaka, likaitwa Casa Padre. Tarehe 3 Juni 2018 Seneta Jeff Merkley wa Oregon alibisha hodi akazuiwa kuingia. Siku chache baadaye waandishi walipotembezwa ndani, walikuta karibu wavulana 1,500 wenye umri wa miaka 10 hadi 17. Vyumba vyao vilitengwa kwa kuta zisizofika darini. Wengi wao walikuwa wamevuka peke yao, lakini wengine walikuwa wametengwa na wazazi wao kwa amri za serikali za mwaka ule.

Wako watakaotwambia: watoto walikuwa hawana pa kulala, mlitaka walale nje? La, hatukutaka. Kumpa mgeni paa ni wema, na jumba kubwa lenye choo na jiko la kutosha lafaa kwa hilo kuliko hema jangwani. Ubaya haukuwa katika paa. Mahali palipokuwa pazuri kwa kila mpita njia palifungwa macho ya mji, na watoto wakawekwa ndani ya ukuta usio dirisha, na aliyetumwa na wananchi kuuliza habari zao akarudishwa mlangoni. Kuta ni zile zile za McAllen. Hazikumzuia mtu kule wala hazikumfungia mtu huku. Waliofanya hivyo ni watu wenye kuamua.

Khabari zilipoenea, Walmart ilisema kwamba imesikitishwa na matumizi hayo, na kwamba ilipouza haikujua kama yatakuwa hivyo. Twaisadiki. Muuzaji habebi dhambi ya kila mnunuzi. Mwenye kuuza kisu hamuui mtu. Hata hatusemi kwamba hati ya jumba la Brownsville ilikuwa na sharti lile la kuzuia washindani. Lakini biashara hii kwa jumla yataka kushika ncha mbili. Inapohofia faida yake, husema kwamba neno lake lafaa kufuata jumba miaka mingi baada ya kuuza. Linapotokea la kuhuzunisha, husema kwamba siku ya kuuza ndiyo siku iliyomaliza kila kitu. Anayedai mkono mrefu hivyo wa kuvuna ameuonesha mkono huo, na hawezi tena kusema kwamba hana.

Kwetu Kenya jambo hili halijafika kwa sura hiyo. Nakumatt ilipoanguka, ikawekwa chini ya msimamizi Januari 2018 na wadai wakapiga kura ivunjwe Januari 2020, ilikuwa kwa sehemu kubwa mpangaji katika majumba ya watu wengine, na nafasi zake nyingi zikachukuliwa na maduka ya namna yake. Waliodhulumika pale ni waliopeleka bidhaa wasilipwe, na wafanyakazi. Hilo ni somo jingine. Hata hivyo majumba ya namna hii yazidi kujengwa kando ya barabara zetu, na wakati wa kuuliza ni kabla ya kibali kutolewa.

Iko miji ya Marekani iliyotunga sheria kwamba mwenye kutaka kujenga duka la ukubwa fulani aweke kwanza dhamana ya fedha, ya kutosha kulibomoa na kusafisha uwanja iwapo ataliacha tupu kwa muda uliotajwa. Wafanyabiashara hulalamika kwamba dhamana hiyo huzuia mtaji usije. Yamkini humzuia mmoja au wawili. Lakini fedha zile hazichukuliwi na mji. Hukaa zimewekwa, na hazitumiwi ila jumba likiachwa ukiwa na mwenyewe akakataa kulishughulikia.