Shavu la Pili Si la Mwoga

Tuna tabia moja mbaya kanisani, na leo nataka tuitubu. Tukimwona mtu ameonewa, haraka haraka tunamfungulia Mathayo sura ya 5. Mjane amenyang'anywa shamba na mashemeji zake: geuza shavu la pili, mama. Kijana ametukanwa kazini kwa kabila lake: vumilia mwanangu, mvumilivu hula mbivu. Kisha tunafunga Biblia, tunatoka nje, tunampa mkono yule yule aliyetukana na kumuuliza habari za nyumbani. Aliyepiga hatujamhubiria hata neno moja!

Basi nisikilizeni. Nataka niwaonyeshe mtu aliyeligeuza shavu hilo kwelikweli, mbele ya maelfu ya watu, siku baada ya siku. Aliitwa Jackie Robinson, Mmarekani mweusi, mchezaji wa besiboli. Alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 huko Cairo, jimbo la Georgia, kitindamimba wa watoto watano. Baba aliwaacha. Mama yake, Mallie, akawabeba watoto hadi Pasadena, California, akawalea kwa kufanya kazi katika nyumba za watu. Kijana alipoanza kupotelea kwenye magenge ya mtaani, mchungaji kijana wa Kimethodisti, Karl Downs, alimfuata huko huko mtaani, akamrudisha kanisani, hata Jackie akawa mwalimu wa shule ya Jumapili. Wachungaji wenzangu, mnasikia? Alimfuata.

Sasa tazameni mabasi mawili.

Basi la kwanza ni la tarehe 6 Julai 1944, katika kambi ya jeshi ya Camp Hood, Texas. Luteni Jackie Robinson amekaa kwenye kiti chake. Dereva anamwamuru ahamie nyuma wanakokaa watu weusi. Jackie anakataa. Anakamatwa, anafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na mwezi uliofuata anaachiwa huru, hana hatia.

Basi la pili ni la mwaka 1946. Jackie yuko safarini kwenda Daytona Beach, Florida, kwenye mazoezi ya timu, pamoja na Rachel, mke wake wa wiki chache tu. Wameshashushwa kwenye ndege ili viti wapewe wengine. Sasa wamepanda basi, na dereva anawaamuru waende nyuma. Safari hii Jackie anainuka, anakwenda nyuma, anakaa.

Je, kati ya 1944 na 1946 mtu huyu aliingiwa na woga? Hata kidogo! Kati ya mabasi hayo mawili palikuwa na agano.

Kwa zaidi ya miaka 60 ligi kuu za besiboli Marekani hazikuwa na mchezaji mweusi. Sheria ya maandishi haikuwapo. Wenye timu walikuwa wamepatana kimyakimya, na weusi wakabaki kuchezea ligi zao wenyewe. Jackie alikuwa huko, katika Kansas City Monarchs, alipoitwa Brooklyn tarehe 28 Agosti 1945 na Branch Rickey, mkuu wa timu ya Dodgers, Mmethodisti mshika dini.

Mzee Rickey hakumbembeleza. Alivua koti, akaanza kumwigizia yatakayompata. Mara ni karani wa hoteli anayemnyima chumba, mara ni mhudumu anayemfukuza mezani, mara ni mchezaji wa timu pinzani anayemporomoshea matusi ya nguoni na kumrushia ngumi karibu na uso. Wakakaa hivyo kwa muda wa saa tatu hivi. Kisha akamweleza sharti: usipigane, usijibu. Ukirudisha ngumi moja tu, watasema watu weusi hawawezi, na mlango utafungwa kwa wengine wote. Jackie akakubali.

Hapo, wapendwa, ndipo penye siri ya shavu la pili. Rickey hakutafuta mtu asiyejua kukataa. Alimtafuta yule wa basi la kwanza. Asiyeweza kurudisha ngumi hana cha kuzuia; ameshindwa tu. Shavu la pili hutolewa na mwenye nguvu, kwa hiari yake, kwa kusudi analolijua, ili wanaokuja nyuma yake wapite. Mjane yule wa shamba hajaingia agano lolote. Yeye ameibiwa! Huyo mtafutie haki.

Tarehe 15 Aprili 1947, katika uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, Jackie alisimama kwenye besi ya kwanza, kituo cha kwanza cha wakimbiaji, na jezi namba 42 mgongoni. Siku chache baadaye wakaja Phillies kutoka Philadelphia, na meneja wao Ben Chapman akaongoza matusi kutoka kwenye benchi: matusi ya rangi, ya kumfananisha na wanyama, kwa sauti, mchezo mzima. Zikaja barua za kutishia kumuua. Mipira ikarushwa kuelekea kichwani. Mwezi Agosti, amesimama kwenye besi yake, mkono umenyooshwa kudaka mpira, mchezaji wa St. Louis akapita mbio na kiatu chenye njumu za chuma kikatua kwenye mguu wake. Akavumilia, akaendelea kucheza. Msimu ulipoisha ndiye aliyetangazwa mchezaji mpya bora wa mwaka.

Lakini niulizeni: je, alikuwa peke yake? Hapa ndipo neno linapotugusa sisi tunaokaa pembeni na kuangalia. Mapema mwaka huo baadhi ya wachezaji wenzake walipitisha karatasi ya saini kumkataa. Pee Wee Reese, mzaliwa wa Kentucky, mzungu wa kusini, aliletewa karatasi hiyo akakataa kutia saini. Eddie Stanky mwanzoni hakupendezwa kabisa na kuja kwa Jackie. Lakini alipoyasikia matusi ya Phillies, akageuka akawapigia kelele kwamba wao ni waoga, wanamtukana mtu ambaye wanajua hawezi kuwajibu. Na Rachel alikuwa pale jukwaani, akisikia kila neno. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Je, wewe unafaa wakati gani? Au umezoea kumwendea aliyetukanwa baada ya mechi, gizani, ukamnong'oneza, "Pole ndugu yangu, mimi sikupenda"?

Ukimya ule ulikuwa na mwisho wake. Mwaka 1949 sharti liliondolewa. Jackie akafungua kinywa. Akabishana na waamuzi, akawajibu waliomchokoza. Na mwaka ule ule ndio aliocheza vizuri kuliko yote: aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga mpira, akaiba besi, yaani kuikimbilia ya mbele kwa kuvizia, mara 37, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Lakini sikilizeni ubaya wa mioyo yetu: wengi waliomsifu alipotukanwa akanyamaza walianza kumwita mkorofi. Walimpenda akivuja damu. Aliposema inauma, wakachukia. Ndugu, Bwana mwenyewe alipopigwa kofi na mtumishi mbele ya kuhani mkuu hakurudisha kofi, lakini wala hakukaa kimya: alimdai aeleze amempigia nini. Kasomeni Yohana 18. Uvumilivu wa Kristo una ulimi!

Na waliovushwa wasisahau walioko ng'ambo. Mwaka 1959 Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alipohangaika kutafuta fedha za kuwasafirisha vijana wa Afrika Mashariki kwenda vyuo vya Marekani, jina la Jackie Robinson lilikuwa kwenye barua ya kuomba michango, pamoja na ya mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Septemba mwaka huo ndege iliwabeba wanafunzi 81, wengi wao Wakenya. Waliorudi walijenga shule, ofisi na serikali zetu. Shavu lililopigwa Brooklyn lilitufikia hata sisi!

Oktoba 1972 alialikwa Cincinnati kuheshimiwa, miaka 25 tangu siku ile ya kwanza. Kisukari kilikuwa kimemla macho na miguu. Mbele ya umati na televisheni alishukuru, kisha akasema angefurahi zaidi siku atakapomwona mtu mweusi akiiongoza timu kama meneja. Siku 9 baadaye akafa, na umri wake miaka 53. Meneja huyo, Frank Robinson wa Cleveland, alianza kazi mwaka 1975. Jackie hakumwona, lakini alikuwa ameshadai.

Sasa nasema na wewe. Wewe uliyeonewa: Mungu hakukuamuru uwe gunia la mazoezi. Ukinyamaza, nyamaza kwa kusudi. Na saa ya kusema ikifika, sema bila hofu. Wewe mwenye funguo, mwenyekiti wa kamati, mwalimu wa michezo, mzee wa kanisa: mtoto mwenye ualbino amekaa nje ya mstari akiangalia wenzake wanacheza. Hakuna sheria inayomzuia. Mmepatana tu kimyakimya. Mwite aingie leo. Na wewe unayekaa jukwaani, ukisikia mtu anatukanwa kwa rangi, kwa kabila, kwa ulemavu, usimhubirie aliyetukanwa. Mgeukie aliyetukana, mwambie anyamaze, mbele ya watu wote, kwa sauti ile ile unayoimbia nyimbo za sifa. Amina.