Unaweka Nini?

Hapa Nyarugusu habari hazikosi. Asubuhi utasikia mgao wa chakula unapunguzwa, mchana majina ya kwenda Marekani yametoka, jioni kule Fizi kumetulia na watu wanarudi. Kila msemaji ana uhakika. Ukimuuliza amejuaje, anapandisha sauti.

Vijana wana dawa yao. Mtu akibisha sana wanamuuliza: "Unaweka nini?" Kipande cha sabuni? Kilo ya maharage? Hapo aliyesema "hakika" anaanza kusema "nimesikia tu". Mwingine anajibu, "Sabuni nusu sawa, nzima hapana." Mimi naona jibu hilo lina ukweli kuliko kelele zote zilizotangulia. Mdomo hauna bei, bwana. Dau linakuuliza unaamini kiasi gani.

Wazee wa kanisa na wa msikiti wanakataza kamari, na wana haki. Kamari inatafuta mali bila jasho. Lakini swali lenyewe linatafuta ukweli, na linafanya kazi hata kama sabuni haikutoka mfukoni.

Tusilipe sifa kupita kiasi. Mwaka 1980, huko Marekani, Paul Ehrlich alisema watu wakiongezeka mali za dunia zitaadimika. Mchumi Julian Simon alikataa. Wakachagua madini matano, shaba ikiwemo, ya dola 1,000, wakasubiri miaka 10. Bei zilishuka, Ehrlich akatuma hundi ya dola 576.07, ila msimamo wake hakuubadilisha. Waliopiga hesabu baadaye wakakuta kwamba katika vipindi vingi vingine angeshinda yeye. Basi dau moja halimalizi ubishi. Linakudai usogee kidogo. Usiposogea hata hatua moja, umelipa bure.

Tena, mifuko hailingani. Mwenye vipande kumi vya sabuni ataweka viwili kwa mchezo. Mama mwenye kimoja akikataa, msiseme haamini neno lake. Anawaza nguo za watoto.

Na yapo mambo hayawekewi dau kabisa: kama vita vitarudi kijijini kwetu, kama mgonjwa wa jirani atapona. Aliyeweka upande wa mabaya ataanza kuyaombea.

Pamoja na hayo, swali hilo nalitetea, kwa sababu hapa uvumi unauza sufuria. Mtu anaambiwa safari yake imefika. Anauza godoro, anauza vyombo, kwa bei ya kutupa. Wiki zinapita, gari halionekani, na watoto wanalala chini. Huyo ameweka dau, tena dau kubwa, bila mtu kumwambia kwamba anaweka. Aliyemletea habari hakuweka hata kiberiti. Hilo ndilo linaniuma: mmoja anasema, mwingine analipa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujampelekea jirani habari ya kumfanya auze godoro lake, jiulize kwanza: godoro lako wewe ungeliuza?