Dereva wa Njia ya Tirinyi

Dereva nitakayemsimulia hayumo katika daftari la hospitali yoyote. Nimemuunda ili tuone jinsi mtu mwenye akili zake anavyoweza kupoteza figo zote mbili huku akiwa na maelezo mazuri ya kila kinachompata.

Ana miaka 46, kwake ni Mbale. Anaendesha teksi kwenda Jinja na kurudi, kwa njia ya Tirinyi na Iganga, abiria 14 na mizigo yao. Jioni viatu vinambana. Si ajabu, ameketi kutwa. Usiku anaamka mara kwa mara kukojoa, umri huo. Kichwa kinamgonga, moshi wa dizeli. Mgongo ukimuuma, ananunua diklofenaki duka la dawa bila cheti, na akiona haimtoshi anaongeza. Maji hanywi, asije akasimamisha gari njiani abiria wakanuna.

Asubuhi moja stendi, konda wake anamtazama usoni.

"Mzee, mbona macho yamevimba?"

"Pombe ya malwa ya jana, kijana wangu."

Watu wakacheka. Na kusema kweli, hakuna jibu lake hata moja lililokuwa la kipuuzi.

Dalili moja ingemshtua: mkojo wenye povu zito lisilokatika upesi, kwa sababu kichujio cha figo kikiharibika hupitisha protini. Lakini atauona wapi? Tunashauriwa tutazame chooni, kana kwamba kila mtu ana choo cha kuvuta maji. Yeye nyumbani ana choo cha shimo, na safarini ana majani ya kando ya barabara. Pengine tangu utotoni hajautazama mkojo wake. Mtu kama huyu na akojoe asubuhi kwenye kopo safi, alitazame penye mwanga. Povu likirudi siku baada ya siku, aende kupima.

Hata hivyo, povu lenyewe si la kungojewa. Figo zina akiba kubwa. Zinaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake kabla kipimo cha kreatinini katika damu hakijapanda waziwazi, na mwenyewe asihisi kitu. Kichefuchefu, mwasho wa mwili mzima, ladha ya chuma mdomoni, kukosa pumzi: hizo kwa kawaida huja mambo yakiwa yameharibika. Dereva wetu alizingoja hizo. Presha, ambayo hakuwahi kuipima, ilizila figo zake polepole, na diklofenaki ikamalizia.

Akapelekwa hospitali ya Kiruddu, Kampala, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwake, kusafishwa damu kwa mashine: mara 2 au 3 kwa wiki, karibu saa 4 kila mara. Teksi ikauzwa. Kupandikizwa figo? Hospitali ya Mulago ilianza kazi hiyo Desemba 2023, na lazima apatikane wa kuitoa.

Basi ndugu msomaji, kama una presha au kisukari, kama kwenu kuna aliyeugua figo, kama dawa za maumivu unazimeza kila wiki, usisubiri kuvimba. Iwe Jinja, iwe Mbale, iwe kituo cha afya kilicho karibu nawe, nenda upimwe presha, sukari na mkojo angalau mara moja kwa mwaka. Kijiti cha kupimia mkojo hutoa jibu kwa dakika chache tu.