Kabla Hujanunua Kibodi ya Tatu

Mjukuu wangu, rudisha kibodi hiyo kwenye boksi lake na risiti uitunze. Steshenari ya hapa Mlowo haiingizi pesa za kuchezea, nami naona umeshaanza kupiga hesabu ya nauli ya Mbeya, ukatafute nyingine pale Mwanjelwa. Nimechoka kulisema jambo hili, lakini nitalisema tena, taratibu. Kibodi na mausi ni nadra kufa kwa saa moja, kama abiria waliopata ajali ya basi moja. Vikinyamaza pamoja, acha kuvishuku vyenyewe. Shuku tundu, umeme, au Windows.

Jiulize kwanza: vinanyamaza wakati gani? Zima mashine, iwashe, na kabla nembo ya Windows haijatokea bonyeza F2 au Delete mfululizo. HP nyingi zinataka F10. Ukiingia kwenye ukurasa wa BIOS na mishale ikatembea, basi kibodi ni nzima, waya ni mzima, na tundu pia. Ugonjwa uko ndani ya Windows. Kama hata huko haisikii, ndipo tuhangaike na matundu. Jaribio hilo ni bure, nanyi vijana hamlifanyi kwa sababu halifanani na kazi.

Tena usidanganywe na taa nyekundu iliyo chini ya mausi. Inakuambia umeme umefika, basi. Kutambuliwa na kompyuta ni habari nyingine. Kwenye kibodi, shahidi wa kuaminika ni taa ya Caps Lock. Bonyeza: ikiwaka na kuzimika, mashine inakusikia.

Sasa umeme. Ukikatika na kurudi ghafla, mashine huweza kuduwaa upande wa USB, nawe ukaiwasha na kuizima mpaka jioni bila nafuu. Kompyuta ya mezani iliyozimwa kwa kitufe bado inanyonya umeme kidogo. Ndiyo maana mausi nyingine huendelea kuwaka taa usiku kucha. Chomoa waya ukutani, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha urudishe waya. Na ujue kwamba tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa kwa kawaida huhifadhi hali ya mfumo kwenye diski na kuamka nayo, pamoja na maradhi yake. Restart ndiyo inayoanza upya kweli.

Halafu hiyo habu ya USB, inayogawa tundu moja kuwa mengi. Tundu moja la USB 2.0 limekusudiwa kutoa miliampea 500. Wewe umechomeka hapo kibodi, mausi, diski ya nje, na simu ya mteja inachaji! Peleka kibodi moja kwa moja nyuma ya mashine. Ukifika huko, tazama kama vumbi la kiangazi halijajaa tunduni na kama panya hawajautafuna waya.

Nakujua, hapa ndipo unapotaka kumwita fundi, naye atasema neno lake moja: tupige Windows, yaani aiweke upya. Ngoja. Mashine zetu nyingi ni zilizotumika Ulaya, na mafundi wanapenda kuzipiga Windows 7 kwa kuwa ni nyepesi. Windows 7 ni ya mwaka 2009, haikuzaliwa na draiva za USB 3.0. Kompyuta zenye chipu za Intel za kizazi cha 6, zilizoanza kutoka 2015, ziliachana na kidhibiti cha zamani cha USB ambacho Windows 7 inakijua. Basi kibodi inafanya kazi vizuri kwenye BIOS, halafu inakufa kwenye ukurasa wa kuchagua lugha, Windows inapoanza kuwekwa. Watu wametupa kibodi nzima kwa sababu hiyo. Dawa ni kuingiza draiva hizo kwenye flashi ya kuwekea Windows kabla ya kuanza, au kutumia tundu la mviringo la PS/2 kama lipo: zambarau la kibodi, kijani la mausi. Hapo chomeka mashine ikiwa imezimwa.

Najua mnalicheka tundu hilo, la tangu IBM ya 1987. Lakini Oktoba 14, 2025, Microsoft walitoa sasisho la Windows 11 lililofanya kibodi na mausi za USB zisisikike ndani ya sehemu ya kuokolea mfumo, mahali pale pale unapokwenda ukiwa taabani. Ilibidi watoe marekebisho Oktoba 20. Wenye kibodi za PS/2 hawakuguswa.

Huyo mama aliyetoka Kamsamba kujaziwa fomu ya mkopo wa mwanawe mwambie arudi baada ya chakula, usimkalishe kwenye benchi kwa matumaini. Fundi akija, asifute kitu kabla kazi za wateja hazijanakiliwa. Diski inachomoka, inasomeka kwenye mashine nyingine. Na usimpokee kwa "kibodi imekufa". Mwambie BIOS inasikia, Windows haisikii, umeme nimechomoa, tundu la nyuma nimejaribu. Hapo atakupa bei ya mtu anayejua.