Nyumba Yako na Mtu wa Njiani

Katika mitaa ya Ujiji husikika mara kwa mara ugomvi wa namna moja. Wajukuu wamepata fedha, wanabomoa nyumba ya udongo ya babu yao na kujenga ya tofali za saruji. Wazee wananung'unika kwamba vijana wameitupa mila. Vijana wanajibu kwamba mila haizuii mvua. Yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana lina swali la haki ndani yake. Je, kubomoa nyumba ya zamani ni kosa? Na kama ni kosa, aliyekosewa ni nani?

Kwanza, tuielewe nyumba yenyewe. Nyumba ya kale ya Ujiji ni nyumba ya Kiswahili, iliyokuja na misafara kutoka pwani. Miti husimamishwa, fito hufungwa, kisha ukuta hukandikwa udongo. Mlangoni unaingia ukumbi wa kati wenye vyumba huku na huku, na nyuma kuna ua. Mbele kabisa, chini ya upenu, kuna baraza inayotazama njia. Nyumba hii ni tofauti na msonge wa Waha, nyumba ya mviringo ya miti na nyasi, ambayo ilijengwa katikati ya migomba na mashamba ya ukoo. Msonge ulizidi kupungua tangu miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini na kujenga nyumba za pembe nne kwa mistari. Kwa hiyo mabadiliko hayakuanza jana. Hata hiyo tunayoiita nyumba ya asili ya Ujiji ilikuwa ngeni hapa katika karne ya 19.

Pili, tusiwaonee vijana. Paa la nyasi huvuja na hushika moto upesi. Mchwa hula fito. Kila mvua zikipita ukuta hudai udongo mpya, na anayechota maji na kuukanda udongo huo mara nyingi ni mama wa nyumba. Mtu anayeisifu nyumba ya udongo huku yeye mwenyewe analala chini ya bati, hana budi kumwuliza mama huyo kwanza.

Tatu, tusiisifu Ujiji ya kale kupita kiasi. Nyumba kubwa za wakati ule zilijengwa kwa fedha gani? Kwa sehemu kubwa zilijengwa kwa fedha ya pembe za ndovu na ya watumwa. Hapa ndipo alipokaa Rumaliza, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa biashara hiyo. Mwaka 1871 David Livingstone alirudi Ujiji akiwa mgonjwa na maskini, baada ya kushuhudia watu wakiuawa sokoni Nyangwe, huko Kongo. Mwaka huo huo Henry Morton Stanley alimkuta hapa, nao wakaketi barazani na kuzungumza. Baraza hiyo iliyompa mgonjwa kivuli ilikuwa katika mji ambao watu walipitishwa wakiwa wamefungwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza Ujiji katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, kama kituo kimojawapo cha njia kuu ya watumwa na pembe za ndovu. Basi, mji kama huu tunauhifadhi ili ushuhudie mema yake na mabaya yake pamoja.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kama udongo si kitu kitakatifu, na kama waliojenga zamani nao walikuwa na dhambi zao, ni kitu gani cha haki kinachopotea nyumba ile inapobomolewa? Nasema ni baraza. Kwa baraza, mwenye nyumba alimtolea mtu asiyemjua sehemu ya kivuli chake. Msafiri aliyeshuka kutoka mashuani aliketi hapo kabla hajaulizwa jina. Hapo msiba ulipokelewa, bao lilichezwa, na watoto wa mtaa walionwa na macho ya wengi.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ajengaye nyumba mpya anaamriwa kuweka ukingo darini, mtu asije akaanguka. Sheria hiyo haisemi nyumba iwe ya udongo au ya mawe. Inasema kwamba mjenzi ana wajibu kwa mtu mwingine, ambaye huenda hata hajamjua bado.

Itazame mitaa yetu mipya ya Kigoma. Ukuta ni mrefu, juu yake vipande vya chupa, na mbele geti la chuma. Mama anayetoka Kibirizi na ndoo ya dagaa kichwani, saa nane mchana, hapati hata mahali pa kuitua.

Mtu atasema, "Mwalimu, wezi wapo." Ni kweli, na mjane anayelala na wajukuu peke yake ana haki ya kufunga. Lakini nyumba ya zamani nayo ilifungwa. Mlango ulitiwa komeo, na baraza ikabaki nje. Kufuli na ukarimu vilikaa pamoja. Benchi la tofali nje ya ukuta, na mabati mawili juu yake, ni gharama ndogo kuliko geti lenyewe.

Mwingine atasema kwamba baraza siku hizi hugeuka kijiwe cha wavuta bangi. Hoja hii ni nzito zaidi. Baraza hugeuka hivyo pale mwenyewe asipotoka kuketi. Babu zetu waliijenga, kisha wakaiketia kila jioni, na kuketi huko ndiko kulikoilinda. Basi wajibu huu unadai saruji kidogo na muda mwingi, na huo muda ndio tulio wagumu kuutoa.

Kwa hiyo, kijana, bomoa nyumba ya babu yako ikiwa inavuja. Babu hatakushtaki. Lakini kabla fundi hajachimba msingi, mwonyeshe mahali atakapoketi mtu wa njiani. Ukimsahau huyo, yeye ndiye uliyemkosea.