Zawadi ya Kitabu: Ni Hisani au ni Haki?



Siku za Noeli zikaribiapo, kila nyumba katika milima yetu ya Uluguru huingiwa na shughuli. Wakulima wa Mgeta hushusha kabichi, njegere na viazi mpaka Morogoro mjini. Wenzao wa Matombo huleta ndizi, mananasi na viungo. Fedha ipatikanayo hugawanywa: hii ya nguo za watoto, hii ya mchele na nyama, hii ya kuweka kwa ajili ya mahitaji ya shule mwezi wa Januari. Zawadi nazo hukumbukwa. Mama hununuliwa kanga, mtoto hununuliwa viatu, na mjomba, ambaye kwa desturi ya Waluguru ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake, hapitwi. Lakini vitabu havimo katika hesabu hiyo. Na kama vimo, ni vile vilivyoagizwa na shule.

Hata hivyo wako watu, hasa vijana, walioanza desturi nyingine. Mwenye safari ya Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2024 imekuwa fupi kwa treni ya umeme, hupita katika duka la vitabu, kama lile la TPH lililo Mtaa wa Samora, akachagua kitabu kilichoandikwa na mwenyeji wa nchi hii, akarudi nacho kiwe zawadi ya sikukuu. Desturi hii twaipenda. Ila tumesikia maneno mawili yasemwayo juu yake, nayo yapingana; kwa hiyo yatupasa kuyapima.

Wa kwanza husema: "Nunua kitabu cha mwenzetu kwa kuwa ni mwenzetu. Tusipomsaidia sisi, nani atamsaidia?" Wa pili husema: "Kitabu ni kitabu. Kikiwa kizuri nitakinunua, ajapokuwa mwandishi ni mtu wa Ulaya; kikiwa kibaya, siwezi kumtwika mtoto wangu mzigo kwa ajili ya undugu." Je, ni nani asemaye kweli? Kununua kitabu cha mwenyeji ni hisani tumfanyiayo mwandishi, au ni haki yake?

Na tuanze na neno la kwanza. Lina upole ndani yake, wala hatulidharau. Lakini tazameni jinsi hisani itendavyo kazi. Mtu atoaye kwa huruma hatazami apokeacho, kwa kuwa hakutazamia kupokea kitu. Basi anunuaye kitabu kwa kumhurumia mwandishi hakifungui. Humpa rafiki yake, na rafiki hushukuru, akakiweka juu ya kabati karibu na vyombo vya wageni, nacho hukaa huko mpaka mende wakione. Mwandishi amepata shilingi zake, lakini lile alilolitafuta alipokuwa akikesha na taa hakulipata, yaani kusomwa. Kwa kweli tumemtendea kama mwombaji aketiye mlangoni, hali yeye ni fundi. Nani awezaye kumwambia mfinyanzi, "Mama, nanunua chungu chako kwa kukuhurumia"? Mama huyo angekasirika, na kwa haki. Angesema, "Kigonge usikie mlio wake. Kama kina ufa, kiache."

Nasi watu wa Morogoro tumekwisha kulijua jambo hili kwa njia ya muziki. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, alipokuwa akipiga gitaa na wenzake wa Morogoro Jazz, hakuna aliyekwenda kumsikiliza kwa huruma. Watu walitoa fedha zao kwa kuwa nyimbo zile ziliwagusa, na mbali sana na Morogoro walimpenda watu wasiokuwa na undugu naye wowote. Heshima ya fundi ndiyo hiyo. Kwa nini basi tumpe mpiga gitaa heshima, na mwandishi tumpe sadaka?

Sasa tulitazame neno la pili. Lasikika kuwa limenyoka kama mstari wa fundi seremala, kwa maana lataka kila kitabu kihukumiwe kwa uzuri wake. Lakini limeficha kosa. Huyu asemaye, "Kikiwa kizuri nitakinunua," amekwisha kukifungua? Mara nyingi hakukifungua. Kitabu cha mbali humfikia na sifa zake mkononi, kimekwisha kusifiwa na wengine. Kitabu cha mwenyeji humfikia kimya. Naye hudhani kwamba kilicho kimya hakina neno. Huko si kuhukumu kwa haki. Katika baraza zetu hatumwachi mzee akate shauri kabla hajamsikia mwenye shauri, hata kama mwenye shauri ni mgeni, tena maskini, tena hajui kusema vizuri.

Ili jambo hili lieleweke, na tumkumbuke Aniceti Kitereza, mwenyeji wa kisiwa cha Ukerewe, aliyesomeshwa katika misioni. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, waliopendana sana na kukosa mtoto. Ndani yake alitia kilimo na uvuvi, dawa na ndoa, na heshima ya wakwe, ili vijana wasije wakayasahau. Lakini hakupatikana wa kuichapa, kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe walionekana kuwa wachache. Basi baadaye akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, yaani baada ya miaka 35. Mwaka uliofuata, mwandishi akafariki. Tangu hapo hadithi ile imefasiriwa kwa Kijerumani, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza.

Twauliza: katika miaka ile 35 hadithi ilikuwa mbaya, ikageuka kuwa nzuri siku ilipochapwa? Hasha. Bugonoka alikuwa yule yule. Kilichokosekana ni masikio.

Na mfano wa pili ni wa juzi. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Hadithi yake ya kijana Yusuf, aliyetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara kwa ajili ya deni, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, na mwaka 2022 hadithi hiyo ikatolewa na Mkuki na Nyota kwa Kiswahili, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis, ikaitwa Peponi. Jina lake lilipotangazwa, wengi walishangilia kama ndugu wa bwana arusi. Furaha hiyo haikuwa mbaya. Lakini wako walioshangilia ambao hata leo hawajasoma ukurasa mmoja. Asifuye karamu asiyoionja hamheshimu mpishi. Ajisifia ujirani tu.

Basi, baada ya kupima maneno haya mawili, twaona hivi. Mwandishi wa kwetu hatudai tununue kitabu chake kwa sababu ya undugu. Atudai jambo dogo zaidi, lakini ni gumu zaidi: kumsikiliza. Hiyo ni haki yake, wala si hisani. Na undugu unayo kazi yake hapa. Hautufungi kusema kwamba kitabu ni kizuri. Watufunga tuwe wa kwanza kukifungua, maana kama sisi, tujuao milima na misiba na mizaha aliyoiandika, hatutakifungua, nani mwingine atakijua vema?

Tukiisha kukifungua, tumkute mwandishi ni fundi, hapo bei inakuwa deni, nalo hulipwa kamili. Twasema hivi kwa sababu wako watu wachukuao kitabu kimoja, wakakipeleka penye mashine ya kutoa nakala, wakatoa kumi, wakagawa kwa ukarimu mkubwa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 imelikataza jambo hilo. Lakini hata pasipo sheria, twajua kwamba mtenda kazi astahili ujira wake. Mtu hawezi kuwa mkarimu kwa mali ya mwenzake. Na tukimkuta mwandishi amelegea, tusimnunue kwa kumwonea haya. Afadhali tumwambie kwa upole palipo na ufa, yeye mwenyewe au mwenye duka, ili kitabu cha pili kishinde cha kwanza.

Huenda msomaji akauliza: "Haya yahusu kununua. Je, kutoa zawadi?" Jibu lake akina mama wanalo tangu zamani. Kanga hununuliwa kwa jina lake, yaani kwa maneno yaliyoandikwa juu yake. Hakuna mwanamke mwenye akili amnunuliaye wifi yake kanga asiyoisoma, kwa maana maneno yale yatasema kwa niaba yake: yatabariki, au yatachoma, au yatasuluhisha. Basi, wakati tunaposema kwamba watu wetu hawana desturi ya kupeana maandishi, twajidharau bure. Tunayo. Mbona tuwe waangalifu kwa maneno machache ya kanga, na tuwe wazembe kwa kurasa mia mbili?

Kwa hiyo atakaye kutoa kitabu na akisome kwanza, kisha amtafute mtu ambaye maneno yale yamfaa. Hadithi ya Kitereza yaweza kuwafaa mume na mke wanaosubiri mtoto na kusemwa na majirani. Peponi yaweza kumfaa kijana aliyepelekwa mapema kutumika katika nyumba za watu. Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951, chaweza kumfaa mjomba au mwenyekiti aketiye barazani, kwa kuwa humo Karama ashtakiwa, na hadithi nzima ni kujitetea kwake mbele ya wakubwa. Apokeaye kitabu namna hii apokea na neno: "Nilipokuwa nikisoma, nilikukumbuka." Neno hilo duka haliliuzi.

Wengine watasema: "Lakini zawadi iliyokwisha kusomwa si zawadi iliyotumiwa?" La. Mpishi aonjaye mchuzi hawapi wageni makombo.

Limebaki shauri zito kuliko yote, la umaskini. Kitabu kimoja chaweza kuchukua fedha ya kuku mzima. Hatutasema, kama wasemavyo watu wa mjini, kwamba kuku huliwa siku moja na kitabu hudumu. Mwenye watoto wenye njaa na anunue kuku, wala asione haya. Lakini haki tuliyoisema ni ya kusikilizwa, na kusikiliza hakutaki kila mtu awe na kitabu chake. Vijana wa kwaya waweza kuchanga, wakanunua kimoja, wakakipa kijiji kuwa zawadi ya Noeli, na jioni mmoja akasoma kwa sauti. Bibi asiyejua kusoma atakuwa mhukumu mkali kupita wote, kwa kuwa yeye alizisikia hadithi kabla yetu, na amjua mwongo kwa neno lake la kwanza.

Tena tumkumbuke mwenye duka. Maduka mengi ya mikoani huweka zaidi vitabu vya shule na madaftari, kwa kuwa hayo yana hakika ya kununuliwa. Atakayeweka hadithi za wenyeji juu ya meza yake ameweka mtaji wake hatarini kwa kututumaini. Basi tuingie, tuulize, tusome kurasa mbili tatu tukiwa tumesimama. Asipoulizwa na mtu, mwaka ujao ataiondoa meza ile, nasi tutasema kwamba nchi yetu haina waandishi.

Tena hilo si jambo la mbali. Huenda sasa hivi, katika sanduku la mwalimu fulani huko Mgeta au Kinole, limo daftari ambalo ndani yake ameandika habari za koo zetu, za mashamba ya mteremkoni, za mwali na nyanya yake, kwa namna ambayo hakuna mtu aliyepata kuandika. Labda amewaonyesha watu wawili, wakasema, "Hongera," wakamrudishia bila kulifungua. Naye aona kwamba vitabu vya wenzake waliomtangulia vyapita sikukuu baada ya sikukuu bila kuguswa. Je, alitoe daftari lile sandukuni, au aliache? Jibu lake halitoki kwake peke yake. Latoka kwetu pia, tunapogawanya fedha za kabichi na ndizi.

Basi, wasomaji wapendwa, Noeli hii tusinunue kitabu cha mwenzetu kwa huruma, wala tusikipite kwa dharau. Tukifungue kwanza. Twawatakia sikukuu njema, ninyi na wote wa nyumbani mwenu.